Jirani wa Chini Kule Kilungu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Ikutha ananiuliza swali moja: ni nini kilichoniweka milimani wiki nzima? Nimemsimulia fundi wa baiskeli kipande hiki, wauza miwa nikawapa kipande kile, na sasa nasikia safari yangu ikizunguka sokoni ikiwa na chui ambaye sikumwona. Kwa hiyo naandika yote mara moja, anayetaka asome.

Mnajua nilikwenda kwa nini. Ndengu zimenikaukia misimu mitatu mfululizo. Tangu niache shule darasa la sita nimehamahama: nimechota mchanga mto Athi, nimebeba mawe ya ujenzi Voi, nimelinda matikiti ya watu Kibwezi. Shamba la kusimamia mwenyewe, lenye mvua ya kutegemewa, sijawahi kupata. Ndipo mjomba Kilonzo, kaka yake mama, aliponipigia simu kutoka Kilungu. Nyonga imemshinda, shamba lake la mteremkoni limelala, na wanawe wamejenga maisha yao mbali.

"Njoo ulione," akasema. "Ukilipenda, lima kama lako. Lakini na wewe lazima uonwe. Huku mtu hawekwi shambani kama jirani wa chini yake hajakubali."

Niliona ajabu, jirani kuamua shamba la mwenzake. Sikumuuliza. Nilifunga begi.

IKUTHA HADI EMALI

Nilipanda lori la ndengu la Mutua, yule shemasi. Ambao hamjawahi kusafiri naye, jueni kwamba Mutua haondoki kabla ya kuombea magurudumu, moja moja, akiwa ameliwekea mkono. Mbele kushoto, mbele kulia, halafu yale ya nyuma. Jua lilikuwa linachomoza na mimi nilikuwa na haraka, nikakohoa.

"Umesema amina?" akaniuliza.

"Nimekohoa."

"Basi sema amina."

Tulivuka Athi, tukapita Kibwezi, tukashika barabara ya Mombasa vizuri kabisa. Tulipopita Makindu gurudumu la nyuma kulia likapasuka kwa kishindo, ndengu zikaruka ndani ya magunia kama mvua juu ya mabati. Mutua alishuka, akalitazama muda mrefu.

"Hilo uliliombea haraka," nikamwambia.

"Hilo ndilo ulikohoa," akajibu.

Gurudumu la akiba lilikuwepo, ila jeki ilikuwa imeazimwa na mtu wa Mutomo ambaye hakuirudisha. Tulikaa pale mpaka saa kumi. Malori yalipita, kila dereva akipiga honi ya pole na kuendelea. Aliyetusaidia mwishoni alikuwa mtu wa mkokoteni wa punda, ambaye alileta gogo na mawe, akatuonyesha jinsi ya kulichimbua gurudumu kutoka chini badala ya kuliinua lori juu. Nilimuuliza alijifunza wapi. Akasema aliwahi kuwa na lori.

Emali tulifika jioni, na huko Mutua alikuwa na mzigo wa kushusha, kwa hiyo nikalala. Kesho yake nilisubiri gari la kunipeleka Salama tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nikiwa nimekaa kwenye hoteli ya mbao ya mama mmoja kutoka Murang'a. Wanamwita Mama Wanjiru. Alinipa chapati na ndengu, nikamwambia ndengu zangu ni bora kuliko hizi.

"Basi ungekuja nazo," akasema. "Maneno hayashibishi wateja."

Nilipomwambia ninakwenda kutazama mahali pa kuhamia, aliacha kukanda unga. Yeye alihamia Emali miaka mingi iliyopita, na mume, watoto wawili na mashine ya kushonea.

"Ulipaona vipi mara ya kwanza?" nikamuuliza.

"Vumbi. Nililia mwezi mzima. Watu wakiongea Kikamba nilidhani wananisengenya, kumbe wanaongea tu kuhusu mbuzi."

"Ukajuaje utakaa?"

Akafikiri. "Siku moja choo cha jirani kilianguka, wakaniita mimi nije nisaidie kushika mbao. Hawakuniita kwa sababu wananipenda. Waliniita kwa sababu nilikuwa hapo." Akarudi kwenye unga wake. "Wewe uende, lakini usije ukatazama miti na maua. Tazama watu wanagombania nini. Hicho ndicho utakula nacho kila siku."

KUPANDA

Kutoka Salama nilipata pikapu iliyobeba kreti tupu za parachichi, inarudi Nunguni, huko huko Kilungu. Nilikaa nyuma peke yangu na kreti zangu. Mwanzo nilikuwa na shati. Tulipopinda mara ya tatu nikavaa sweta. Tulipopinda mara ya kumi nikavaa gunia. Mtu wa kwetu hawezi kuamini kwamba mwendo mfupi hivi unamtoa mtu kwenye mibuyu na kumtia kwenye ukungu, lakini ndivyo. Mashamba yamesimama wima kama ukuta. Niliona mwanamke anapalilia mahindi na kichwa chake kilikuwa sawa na miguu ya mwenzake aliyekuwa hatua tatu tu kutoka kwake.

Soko la Nunguni lilikuwa limechangamka: ndizi, kabichi kubwa kama vichwa vya ndama, parachichi zinamwagwa chini kama kokoto. Nilinunua moja nikaila pale pale nimesimama, na muuzaji akaniuliza kama nimetoka hospitali.

Shida ikawa njia. Kwetu mimi huuliza "upande gani", mtu akaninyooshea mkono mlimani, nikaenda. Pale Kilungu kila mtu yuko mlimani, mkono haukusaidii. Hakuna kulia wala kushoto, kuna juu na chini tu. "Kilonzo fundi mawe? Teremka kanisani, pita nyumba mbili, ya tatu juu." Ya tatu juu ya nini? Niliteremka, nikapita nyumba mbili, nikabisha hodi kwenye ya tatu, na nilikuwa chini badala ya juu.

Alitoka mama wa miaka hamsini hivi, mwembamba, amevaa buti za mpira na kitambaa cha kichwa cha kanisa. Nikamwambia namtafuta Kilonzo. Akasema nimemkosa kwa mtaro mmoja, lakini nimefika nimechoka, nikae ninywe chai kwanza. Alinipa sabuni, akanimwagia maji kwenye mikono. Nami, kwa mazoea yetu, niliyakinga yote kwenye beseni, nikanawa uso kwa yale yale, kisha nikainua beseni na kutazama huku na huku.

"Unatafuta nini?" akauliza.

"Ndama yuko wapi, mwaitu?" nikamuuliza, nikimwita mama kwa lugha yetu.

"Ndama wa nini?"

"Wa kunywa haya."

Alinitazama kama mtu anayehesabu. "Ndama wangu hanywi sabuni," akasema. "Wewe umetoka chini kabisa. Ikutha? Mutomo?"

"Ikutha."

"Kumbe ndiwe wewe."

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Mama Mwende, jirani wa chini wa mjomba wangu. Nilikula isyo yake, mahindi na maharagwe yaliyochemka vizuri pamoja na kabichi, kabla ya kujua kwamba yeye ndiye atakayeniamulia.

SHAMBA LENYEWE

Mjomba alinipokea amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, fimbo mkononi.

"Wakya?" akanisalimia.

"Aa," nikaitika.

"Umeanza kwa Mama Mwende. Umejipeleka mwenyewe kortini."

Shamba lake ni nusu ekari tu, lakini udongo ni mweusi, na ukiubana unakaa kama keki. Nilipiga magoti nikaunusa. Nakwambieni, sijawahi kutaka kitu namna ile. Mitaro ya zamani minne, ile ya kukata mteremko, ilikuwa imejaa udongo na magugu, kingo zimebomoka. Mjomba akanieleza kisa. Kabla yangu alimweka mpangaji, kijana wa mjini, akafungua mitaro miwili halafu akapata kazi kwingine akaondoka katikati. Mvua ilipokuja, maji yalitafuta njia yake, yakapita katikati ya shamba la Mama Mwende, yakabeba ukingo wake aliouchimba na marehemu mumewe.

"Ndiyo maana anakutazama hivyo," mjomba akasema. "Jumamosi kikundi chao cha mwethya, kile cha kufanyiana kazi za mashamba, kinakuja kwangu. Yeye ndiye mwenyekiti. Atasema kama unakaa au unarudi."

Siku ya pili alfajiri mjomba alikwenda kliniki, na kwa sababu ya nyonga angelala kwa binti wa ndugu yake huko huko. Akaniachia onyo: nisichimbe kitu mpaka arudi na kunionyesha.

Hapa ndipo mnaponijua. Nilikaa dakika kumi. Kisha nikachukua jembe na beleshi.

Kama mngekuwa mimi mngefanya vile vile. Sisi tumelelewa na kitu kimoja: tone la maji halipotei. Mvua ikinyesha kwetu unaikimbiza uwanjani na sufuria. Basi nilichimba mtaro wa juu upande hadi upande, nikauinamisha kidogo, kama vidole viwili tu, kuelekea pembe ya kushoto. Na pale pembeni nikachimba shimo kubwa la kukusanya maji, silanga ndogo kama zile za kwetu. Udongo wote niliutupa chini, kwa sababu ndiyo rahisi. Kufikia saa saba nilikuwa nimemaliza. Nilisimama nikalitazama lile shimo na nikajisikia mwerevu sana. Nilijiambia, watu wa Kilungu wana mvua yote hii na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuiweka.

Saa tisa ikanyesha. Siyo mvua yetu. Hii ilishuka kimya, nzito, nusu saa hivi. Mtaro wangu ulifanya kazi kama nilivyoutuma: maji yote ya sehemu ile ya mlima yalikimbilia pembeni, yakajaza shimo, nami nilikuwa nimesimama pale nimelowa nafurahi. Kisha ukingo wa udongo laini niliotupa chini ukatoa sauti kama mtu anayemeza, na silanga yangu yote ikaondoka.

Ilikwenda moja kwa moja kwenye kitalu cha kabichi cha Mama Mwende.

MAMA MWENDE

Nilipofika alikuwa tayari yuko pale. Miche ilikuwa imelala chini ya tope, majani machache yametokeza kama masikio. Nilianza kusema pole, akainua mkono.

"Nani alikuambia ukusanye maji?"

"Hakuna, mwaitu."

"Sasa hapo ulikuwa unataka kufanya nini? Kufuga samaki?"

Majirani wawili waliokuwa wametoka kutazama walicheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Huko kwao mvua wanaipima na kijiko, ameona nyingi akapagawa." Na kweli ndivyo ilivyokuwa.

"Nitarudisha miche," nikasema. "Nitakwenda Nunguni kesho."

"Sitaki miche yako. Miche nitasia tena, ni kazi ya siku moja." Alifuta tope kwenye buti yake kwa kijiti, polepole, mguu mmoja halafu mwingine. "Mimi nimeishi chini ya Kilonzo miaka ishirini na nane. Nataka kujua tu nani yuko juu yangu mvua ikinyesha na mimi nimelala."

Mjomba alirudi kesho yake. Hakunifokea. Alitazama shimo, akatazama kitalu, akaketi juu ya ndoo yake.

"Kwenu maji mnayaita yaje," akasema. "Hapa kazi ni kuyazuia yasiende. Siyo kitu kimoja."

Akanituma ndani nimletee pimamaji yake ya ujenzi, ile yenye kiputo kwenye kioo, na kamba, na vijiti viwili vya urefu mmoja. Kamba inafungwa kwenye vijiti, pimamaji inaning'inizwa katikati, unasogeza kijiti cha pili juu na chini mlimani mpaka kiputo kisimame katikati. Pale unachomeka alama. Kisha unasogea tena. Mtaro unapinda kama mlima unavyotaka, siyo kama wewe unavyotaka, na unakuwa sawasawa kutoka mwisho hadi mwisho, ili maji yasimame yalipoangukia na kuzama hapo hapo. Na udongo hutupi chini. Unautupa juu, uwe ukingo upande wa mlima.

Kutupa udongo juu ya mteremko, mimi niliyebeba mawe Voi, kulinivunja. Unasimama shimoni, unainua beleshi kupita bega, na theluthi ya kila unachotupa inakurudia shingoni. Nililifukia lile shimo langu kwanza, nikalishindilia kwa miguu. Halafu siku mbili na nusu nilichimba mtaro ule ule upya. Mjomba alikuwa anakaa juu na kusema, "Kiputo kimekimbia. Rudi." Nikarudi. Kuna sehemu moja chini ya mgomba niliirudia mara nne.

Mama Mwende alikuwa chini akisia miche mipya. Hakuinua kichwa hata mara moja, lakini nilitambua kwamba nikiacha kupiga jembe, naye anaacha kazi yake.

JUMAMOSI

Walikuja saa mbili asubuhi, wanawake kumi na mmoja na wanaume wawili, kila mtu na jembe lake. Waliomba, wakaimba ubeti mmoja, kisha badala ya kuanza kazi wakajipanga kando ya mtaro wangu. Mama Mwende alikuja nyuma yao amebeba mtungi wa plastiki wa lita ishirini, umejaa.

Nilidhani ni maji ya kunywa. Alisimama katikati ya mtaro, akafungua kifuniko, akayamwaga yote chini.

Nyinyi mnajua lita ishirini ni nini. Dada yangu huamka saa kumi kuzifuata kwenye mchanga wa mto. Nilihisi mkono wangu unaruka wenyewe kutaka kuushika ule mtungi, na mmoja wa wale wanaume akaniona.

"Mshikeni," akasema, "atayanywa."

Walicheka mpaka ndege wakaruka. Lakini Mama Mwende hakucheka. Alikuwa ameinama, mikono magotini, anatazama maji. Sisi wote tukainama. Yalitandaa kushoto, yakatandaa kulia, yakatulia. Upande wa mgomba yalisogea kidogo, kama upana wa kiganja, halafu yakaacha. Yalikaa pale, rangi ya chai, yakaanza kuzama taratibu. Tuliinama hivyo hivyo mpaka yalipobaki matope yanayong'aa.

Akanyooka.

"Umewahi kukaa mahali pamoja mwaka mzima?"

Aliuliza mbele ya wote. Niliona mjomba ananitazama kutoka kwenye ndoo yake. Ningeweza kusema uongo, hakuna aliyenijua pale.

"Tangu niache shule, sijawahi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kazi huisha. Mchanga ulipoisha niliondoka. Nyumba ya Voi ilipoisha niliondoka. Sijaacha kazi katikati, mwaitu. Ikiisha ndiyo naenda."

"Hii haiishi," akasema. "Mtaro huu utauzibua kila baada ya mvua. Mwakani utauzibua. Ukiwa mzee kama Kilonzo utakuwa unauzibua na nyonga yako mbovu."

"Basi ndiyo hiyo ninayotafuta."

Mama mmoja wa nyuma akasema, "Eee, amejibu." Mwingine akasema tungojee tuone Aprili kama nitakuwa bado nipo. Mama Mwende aliokota mtungi wake mtupu, akauinamisha kuhakikisha hakuna tone lililobaki, akaufunga.

"Mtaro wa pili unaanza pale chini," akawaambia wenzake, na akaingia mbele yetu na jembe.

Tulichimba mpaka saa nane. Nilikuwa katikati ya mstari, na mwanamke aliye kushoto kwangu alikuwa ananitupia udongo usoni makusudi kila nikipunguza kasi. Mchana tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kila mtu na bakuli lake, na nilipomaliza langu mtu fulani, sikumwona nani, aliniongezea.

KURUDI

Nilishuka kupitia Wote na Kitui mjini, safari ambayo haikuwa na jambo lolote, na nashukuru. Nililala njia nzima. Joto liliponipiga Mutomo niliamka nikavua sweta, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona joto hili kama mgeni anavyoliona.

Wengine mmeniambia kule kuna baridi, watu wana maneno makali, na nusu ekari ni uwanja wa kuchezea kuku. Yote matatu ni kweli. Mwingine akasema nitarudi kabla ya Krismasi kama nilivyorudi kutoka kila mahali. Huyo simjibu, kwa sababu mimi mwenyewe usiku wa mwisho kule nilijiuliza hivyo hivyo, na sikupata jibu ila maumivu ya mabega.

Mbuzi wanne nimempa dada. Jembe langu nimelitia mpini mpya wa mgunga, maana mipini ya kule ni myepesi. Naondoka Jumatatu asubuhi. Mtaro wa tatu na wa nne bado imejaa magugu, mvua za mwisho wa mwaka ziko njiani, na chini yake kuna mtu amesia kabichi.